Moto Baridi Nyuma ya Pazia

Mwanangu wa kike anauza katika duka la dawa, na akirudi jioni hunisomea mambo ya kwenye simu yake. Juzi alinisomea kwamba madaktari wa Ulaya wana kitu wanachokiita plazma baridi. Ni hewa iliyotiwa umeme ikawaka rangi ya zambarau. Huipitisha juu ya kidonda, vidudu vikafa na nyama isiungue.

"Imepimwa, mama," akaniambia. "Ni salama."

Nilikuwa nachagua mchele. Nikamwuliza, huko kwenye kupima, yule aliyeungua alisema kama ameungua, au alijifunika buibui lake akenda zake? Akacheka, akidhani nafanya mzaha. Akasema kule watu huulizwa mmoja mmoja, tena hufuatwa mpaka majumbani wakaulizwa upya. Nikamwambia haya, kama waliulizwa basi huenda ni salama. Nikainamia mchele wangu, lakini mawe sikuyaona tena.

Kovu langu analijua. Linaanza nyuma ya sikio la kushoto, linashuka shingoni, linakwisha kwenye bega. Tangu mdogo ameambiwa ni la chetezo, kwamba mama yake alikuwa akifukiza nywele kwa udi siku chache kabla ya harusi, akainama mno, akashika moto kwa uzembe wake. Hivyo ndivyo alivyoambiwa baba yake, ndivyo walivyoambiwa wote. Mume wangu alikuwa akipata wageni huwaambia, "Mke wangu alinukia mpaka akaungua," nao hucheka, nami huwaletea kahawa.

Basi leo nasema. Shule niliiacha darasa la nne na mkono wangu wa kuandika ni mzito, lakini waliohusika nawajua vizuri kuliko mtu yeyote. Majina siyaweki, kwa sababu wengine wamekufa na wengine wana wajukuu wanaotaka kuolewa. Kila mmoja nitamtaja kwa kazi yake.

Wa kwanza ni shangazi yangu, dada wa baba, aliyenilea baada ya mama kufa. Alikuwa mtu mwema na mwenye kuogopa watu. Kumcha Mungu alimcha pia, lakini watu zaidi. Miaka ile ya tisini tulikaa Mji wa Kale wa Mombasa, ghorofani, ngazi moja nyembamba kutoka Ndia Kuu. Nilikuwa nimeposwa na nyumba nzuri, nimewekwa ndani nisipigwe jua, nasuguliwa liwa, ule msandali wa kusagwa, asubuhi na jioni. Ndipo chini ya sikio langu la kushoto kikatoka choa, duara kama bangili ya mtoto.

Kwa watu wengine choa ni choa tu. Kwetu bibi harusi hutolewa nje baada ya ndoa, akaketishwa juu ya kiti mbele ya wanawake wa mji mzima, na kila mmoja huja kumtazama karibu kabisa. Hutazama masikio, hutazama shingo, hutazama vidole. Shangazi alikiona choa kile akakaa kitako sakafuni.

"Watasema tumewapa samaki aliyeoza," akasema.

"Si choa tu, shangazi?"

"Wewe waona choa. Wao wataona ukoo."

Tukaanza na marhamu ya salfa, ile ya manjano inayonuka kama kichwa cha kiberiti. Kilikuwa kikipungua polepole sana, na siku za harusi zilikuwa zaja mbio. Ndipo shangazi akasikia kwa mtu, aliyesikia kwa mtu, habari ya kioo cha Ndia Kuu.

Lilikuwa duka la kuuza makasha ya njumu, yaliyopambwa kwa misumari ya shaba, na mabirika kwa Wazungu. Nyuma ya duka palikuwa na chumba kidogo, na katikati ya chumba pamening'inizwa pazia jekundu zito. Mwenye duka alikuwa ameinunua mashine yake kwa baharia mmoja bandarini Kilindini, na baharia ndiye aliyemfundisha kuitumia. Ilikuwa sanduku dogo kama la mkoba, lenye mpini mweusi uliounganishwa na waya, na virija vya kioo vya namna mbalimbali. Kimoja kilikuwa kama kitana, kimoja kama uyoga. Wakichomeka kirija kwenye mpini na kuwasha, ndani ya kioo hujaa mwanga wa zambarau, kikatatarika kama mafuta yakiingiwa na maji.

Mwenye duka ndiye aliyejua. Lakini wagonjwa karibu wote walikuwa wanawake, na mwanamume wa Mji wa Kale hawezi kushika shingo ya mke wa mtu, sembuse ya mwari. Kwa hiyo kazi waliigawa. Mkewe alikaa upande wetu wa pazia ameshika kioo. Yeye alikaa upande wa pili na sanduku lake na swichi yake, yeye hatuoni wala sisi hatumwoni. Hata koti jeupe la daktari alilivaa. La kazi gani sijui, maana wagonjwa wake hawakuliona ila akipita mlangoni.

Sasa nawe fikiri. Mwenye kujua haoni, na mwenye kuona hajui. Sisi tuliona ni heshima tupu. Shangazi alilisifu pazia lile ndia nzima.

Siku ya kwanza sitasema uongo, ilikwenda vizuri. Mke yule alinikalisha kigodani, akainamisha kichwa changu, mara akainua pua.

"Mbona mwanuka kiberiti? Bibi harusi huyu mwamtoa kwa bwana au kwa fundi wa fataki?"

Alikuwa mwanamke wa maneno, na wanawake wengine wawili walikuwa wameketi wakingoja zamu. Wakacheka. Mimi nilitamani sakafu ipasuke. Shangazi ndiye aliyeumia zaidi, nikaona mkono wake ukikaza leso.

"Ni dawa," akasema.

"Najua ni dawa, mama. Wote hapa twanuka kitu. Basi tu huyu amezidi." Kisha akamwambia mumewe kwa sauti, "Washa."

Kutoka nyuma ya pazia mume akasema kama anayesoma hotuba, "Usiogope, binti. Huu ni moto baridi. Waua vidudu, hauunguzi nyama."

Kioo kikanigusa. Kilikuwa baridi kweli. Alipokiinua kidogo, cheche zikaruka kutoka kwenye kioo mpaka ngozini, zikachoma kama sisimizi. Harufu ikatoka, ile ya mbingu ikishapiga radi. Hakuna kilichoungua. Baada ya siku mbili tatu choa kilianza kukauka pembeni, ngozi ikawa yabanduka kama unga. Nilifurahi. Nilijitazama kiooni mara nyingi kuliko bibi harusi wa maana anavyostahili.

Kwa hiyo mwanangu aliponiambia moto huo waua vidudu, sikumbishia. Waviua. Langu mimi lilikuwa jingine.

Siku ya pili, kabla ya kutoka, shangazi alinisugua salfa yote mpaka ngozi ikawasha. Kisha akafungua begi la bibi harusi, lile lililoletwa na upande wa bwana, ambalo halifunguliwi mpaka siku yake. Ndani yake palikuwa na chupa ya marashi ya kupuliza kutoka Jidda. Si mafuta ya attari yale yetu, la, ni haya ya kizungu yenye spiriti, yanayokupoza shingo ukipuliza. Akanipuliza shingoni, nyuma ya masikio, kwenye mtandio, akarudia.

"Leo na anuse tena," akasema.

Tukavaa mabuibui, tukatoka. Sikuwaza kitu, na shangazi pia hakuwaza. Marashi ni marashi. Nani amewahi kumwambia mwanamke wa Mombasa kwamba manukato ni hatari?

Nitakwambia nani aliyejua.

Tulipoingia, mke wa mashine alivuta pumzi. "Mashallah. Leo kumekuwa kwengine. Hino ni ya begi?"

"Ya begi," shangazi akajibu, kichwa juu.

Nyuma ya pazia yule bwana akakohoa. Nilisikia wazi. Akakohoa tena, kwa nguvu zaidi, kama mtu anayepita mbele ya mlango wa watu akitaka wajisitiri.

"Wakohoa nini wewe?" mkewe akamwambia. "Washa, watu wangoja."

Akawasha.

Moto wa spiriti mchana huuoni. Nilichokiona ni uso wa shangazi ukibadilika. Nilichosikia ni pumzi fupi, kama mtu akizima mshumaa, kisha shingo yote ikawa ni maji ya moto. Mtandio ulikuwa wa nailoni. Ukanyauka, ukayeyuka, ukanigandia nyuma ya sikio. Mke wa mashine alitupa kioo kikavunjika. Shangazi ndiye aliyenizima, kwa leso yake na kwa viganja vyake, na kwa hilo namshukuru, nimeshasema alikuwa mtu mwema.

Na neno la kwanza kutoka nyuma ya pazia, kabla hajauliza kama niko hai au nimekufa, lilikuwa, "Amejipaka marashi?"

Alijua. Baharia alimwambia mambo mawili tu juu ya usalama wa mashine ile, asimguse nayo mtu mwenye ugonjwa wa moyo, na asiitumie penye spiriti. Haya sikuyazua. Aliyasema mwenyewe siku ya pili yake, alipokuja nyumbani na kusimama chini ya ngazi, na shangazi akamjibu kutoka juu. Mimi nilikuwa nimelala kifudifudi karibu na mlango.

"Harufu niliisikia, bibi," akasema. "Wallahi niliisikia. Nikaona haya. Nimwambie vipi bibi harusi wa watu akanawe?"

"Na kuwasha uliwashaje?"

"Si mke wangu alisema washa."

Nilingoja shangazi amtukane. Nilikuwa na hamu ya kusikia tusi moja tu, hata dogo. Akasema, "Hili lisitoke hapa."

"Litoke liende wapi, bibi? Mimi nina duka."

Wakaagana kwa salamu nzuri. Namtaja basi yeye kuwa wa pili, na mkewe wa tatu. Mtu anaweza kukohoa mara mbili akaona ametimiza wajibu.

Wa nne ni daktari wa Ganjoni, nje ya Mji wa Kale. Tulipelekwa kwake kwa sababu hospitali kuu ina wauguzi wengi wa Mji wa Kale, na wauguzi wana mama, na mama wana midomo. Alinibandua nailoni kwa koleo, kipande kipande. Akauliza nimefanywa nini.

"Chetezo," shangazi akasema.

"Chetezo hukaa chini. Moto ukafikaje nyuma ya sikio?"

"Alikuwa ameinama akifukiza nywele."

Akanitazama. "Ndivyo, binti?"

Niliitazama miguu yangu. Hina ilikuwa bado haijapakwa. Daktari akangoja kidogo, kisha akaendelea kuosha. Aliuliza swali zuri akaridhika na jibu baya, na nadhani alikuwa na wagonjwa wengi siku ile.

Wahenga walisema mficha maradhi kilio kitamuumbua. Hawakukaa nyumbani kwetu. Kwetu na kilio kilifichwa. Nilikuwa nalia ndani ya mto ili jirani wa ukutani asisikie.

Sasa likabaki lile lililomnyima shangazi usingizi, nami pia. Harusi itakuwapo, au haitakuwapo? Mama wa bwana alikuwa na haki ya kuja kutazama, na habari ya chetezo ilikwisha kumfikia, maana shangazi aliisambaza mwenyewe kabla habari nyingine haijaanza. Akaja mchana, mwanamke mrefu wa sauti ya chini, akakaribishwa kwa sharubati. Alisikiliza kisa chote cha chetezo. Shangazi alikipamba, akanifanya mimi mtoto wa kike asiyesikia la mtu, apendaye kunukia kupita kiasi. Nilikaa nikasikia nikigeuzwa mpumbavu mbele ya mama mkwe wangu, na la kufanya sikuwa nalo.

Alipomaliza, mgeni akasema, "Nataka kukaa na mwanangu peke yetu."

Shangazi akatoka kwa shida. Yule mama akasogea kitandani, akafunua kitambaa cha shingo, akatazama muda mrefu. Hakusema pole. Akainama akanusa, si kidonda, alinusa nywele zangu za juu ya sikio ambazo zilisalimika.

"Hapana udi hapa," akasema. "Kwa kioo mlikwenda lini?"

Akauvuta ushungi wake nyuma, akatenganisha nywele juu ya sikio la kulia kwa vidole viwili. Palikuwa na uwanda laini, hauna unywele hata mmoja, unang'aa kama ganda la ndani la chaza.

"Nilikuwa nimenyunyiza dawa ya nywele," akasema. "Nilikwenda kwa mapunye. Mtu mzima kama mimi, mapunye."

"Mama, mbona hukusema?"

"Nimwambie nani? Nikisema nimeunguzwa na kioo, wataniuliza kilichonipeleka kwenye kioo."

Hapo ndipo nikajiuliza. Wengine wangapi wamo mjini wamevuta shungi mbele kidogo? Watu wote walisema mashine ile ni salama, haijamdhuru mtu, na walikuwa hawasemi uongo, maana hakuna aliyedhurika aliyewahi kufungua kinywa. Usalama wake ulikuwa ni haya zetu. Kama yule mama angalimwambia mtu mmoja tu, hata jikoni, hata kwa mafumbo, maneno yangalifika kwa shangazi, maana kwa shangazi hakuna kisichofika. Kwa hiyo yeye ni wa tano. Nilimpenda mpaka alipokufa, na ni wa tano.

Akanifunika. "Harusi ipo," akasema. "Chetezo ni chetezo. Umenifahamu?"

"Nimekufahamu."

Nikaolewa. Nilitolewa nje nimevalishwa kikuba cha majani ya kunukia na mikufu ya asumini mizito upande wa kushoto, na dhahabu ya kuazima juu yake. Wanawake wakaja mmoja mmoja wakanitazama. Walioambiwa chetezo walinipa pole kwa macho ya kunicheka. Kidonda kilikuwa bado chatoa maji, asumini zikashikamana nacho. Ndivyo nilivyoketi.

Miezi ikapita. Kovu likavimba, likawa gumu, likaniwasha usiku kucha. Siku moja nilikuwa napita Ndia Kuu kununua uzi. Nje ya duka lile, kwenye baraza, wanawake walikuwa wameketi wakingoja, kama walivyokuwa wakingoja siku zetu. Mke wa mashine alikuwa mlangoni. Akaniona, na badala ya kuingia ndani kwa aibu, akaita.

"Ee, bibi harusi. Waambaje, mwanangu? Hatuonani." Kisha akawageukia wale, kama muuza samaki anayeonyesha nguru. "Huyu mwamwona? Huyu nilimtoa choa mimi, siku chache kabla ya kutolewa nje. Mwulizeni kama choa kilirudi."

Nao wakanigeukia. Na kweli choa hakikurudi. Hilo ndilo lililonikera. Hakusema uongo.

Sijui mikono yangu ilikuwa ya nani. Nilifungua pini ya ushungi, nikalivuta buibui chini mpaka begani, hapo hapo ndiani, mchana, wanaume wanapita na mikokoteni yao. Nikageuza shingo ili waione yote.

"Kilikwenda na ngozi," nikasema.

Hapana aliyepiga kelele. Mke wa mashine alibaki na tabasamu lake limekwama. Mwanamke mmoja aliyeketi mwisho wa baraza akatazama upande. Mwingine, bibi mnene mwenye kipele shavuni, akasema taratibu, kama anayemwambia mtoto, "Jisitiri, mwanangu. Watu wapita."

"Tazama kwanza."

"Nimetazama. Jisitiri." Nilipokuwa nahangaika na pini akaniuliza, kwa sauti ile ile ya kawaida, "Ulikuwa umejipaka nini?"

Nilikuwa sijawahi kuulizwa. Si na daktari, si na yeyote.

"Marashi ya kupuliza. Ya spiriti."

"Aa," akasema.

Mke wa mashine akapata ulimi. "Mimi sikumwambia ajipake. Alikuja nayo kwao."

"Na hukumwambia asijipake," bibi yule akamjibu. Akachukua ncha ya leso yake, akaitia mate, akaanza kujisugua shavu, chini ya kidevu, nyuma ya masikio, kwa nguvu, kama anayesugua sufuria. Akanusa leso. Akasugua tena. Kisha akamwinamia jirani yake. "Hebu ninuse wewe, pua yangu yazeeka."

Jirani akanusa. "Wanukia papa tu, bibi."

Wakacheka wote barazani, hata yule aliyekuwa ametazama upande. Bibi akacheka pia, akasimama kwa kushika ukuta, akaingia ndani. Mke wa mashine akamfuata, nami nikasikia pete za pazia zikiteleza.

Nilibaki nimesimama na pini mkononi, bega nje, na uso ukiniwaka kuliko siku ya moto. Nilidhani watainuka. Nilidhani nikishaonyesha watainuka wote waende makwao. Hapana aliyeinuka. Lakini yule aliyefuata zamu alikuwa amekwisha kushika ncha ya leso yake naye anajisugua shingo, hanitazami.